Mgrivea kwa Kazi za Ndani ya Nyumba: Kuanzia Gogo Hadi Vanishi

Wateja wengi siku hizi wanataka mbao za rangi nyepesi ndani ya nyumba. Wanataka milango, kabati za jikoni na rafu zinazoupa chumba mwanga, si ule wekundu mzito wa mkongo. Fundi akiagizwa hivyo hukimbilia paini kwa kuwa ipo kila duka la mbao, au humwelekeza mteja kwenye mbao za mti wa mpira zilizoungwa vipande vipande kiwandani ng'ambo. Wakati huohuo mipaka ya mashamba ya Kilimanjaro, Arusha, Lushoto, Embu, Meru na Kirinyaga imejaa mgrivea, na mwingi wake unaishia kuwa kuni au mirunda ya kushikilia zege.

Kwa mafundi wengi mgrivea una jina baya. Utasikia kwamba unapinda, unaliwa na wadudu na hauna urembo. Yote matatu ni kweli kwa mbao iliyopasuliwa ovyo jana ikapigwa randa leo. Mbao iliyopasuliwa kwa mwelekeo unaofaa, ikatiwa dawa mapema na ikakauka sawasawa, haina lawama hizo. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu inahusu shamba na banda la kukaushia. Ubora wa mlango wa mgrivea huamuliwa huko kabla fundi hajashika randa.

Ni mbao ya namna gani

Mgrivea (Grevillea robusta) asili yake ni mashariki mwa Australia, katika majimbo ya New South Wales na Queensland. Uliletwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni kuwa kivuli cha kahawa na chai. Wakulima waliupenda kwa sababu unakua haraka, unavumilia kukatwa matawi mara kwa mara na haugombani sana na mazao. Wakikuyu huuita mukima.

Kitaalamu ni mbao ngumu, yaani ya mti wa majani mapana, ila ugumu wake ni wa wastani. Ikikauka ina uzito wa takriban kilo 600 kwa mita moja ya ujazo. Sehemu ya pembeni, iliyo karibu na gome, ni ya rangi ya krimu. Kiini ni waridi hafifu inayoelekea kahawia, na hukolea kadiri miaka na mwanga wa jua vinavyopita juu yake. Mteja anayetaka weupe usiobadilika aambiwe ukweli huu mapema, na kama hauafiki achague mbao ya kupakwa rangi.

Inafaa kwa milango ya ndani, kabati, droo, rafu, meza, vitanda, mbao za ukutani na dari. Kwenye ngazi naitumia kwa vibao vya kusimama na mikono ya kushikia. Vibao vya kukanyagia navifanya kwa mbao ngumu zaidi, kwa sababu kisigino chembamba huacha alama kwenye mgrivea. Isitumike nje, isiguse ardhi, isiwe fremu ya mlango wa bafu. Mchwa na ukungu huimaliza upesi ikipata unyevu.

Kuchagua mti

Ukiweza, nunua mti au gogo badala ya mbao zilizokwisha kupasuliwa. Bei yake ni nafuu zaidi, na ni wewe utakayeamua unapasuliwaje. Tafuta shina lililonyooka, lenye upana wa sentimita 40 au zaidi kwenye usawa wa kifua. Chini ya hapo mbao nzuri zinazopatikana ni chache mno, ukishaondoa moyo (katikati kabisa ya shina) na mabanzi ya gome. Mti ulioinama uache hata kama ni mnene. Una mkazo ndani yake, na mbao zake zitajikunja hata ukizikausha kwa uangalifu wa namna gani.

Angalia historia ya matawi. Mkulima aliyepogoa mti ungali mchanga amekuachia shina lenye vifundo vidogo vilivyofunikwa katikati. Aliyeanza kukata matawi mti ukiwa umeshakomaa amekuachia vifundo vikubwa, vingine vimeoza, kila baada ya nusu mita.

Halafu jambo ambalo wengi hulisahau: mgrivea wa mpakani ni nguzo ya ua. Umepigiliwa misumari, umefungwa seng'enge, na mti umekua ukavimeza vyote. Zunguka shina ukitazama kovu lolote lililovimba au alama ya bluu iliyokolea kwenye gome, na muulize mwenye shamba ua ulipita wapi. Mita moja na nusu ya chini ndiyo yenye hatari zaidi. Kama una shaka, ikate hiyo uipeleke kwenye kuni. Meno ya msumeno yakikutana na msumari, gharama yake inazidi thamani ya kipande hicho, na mwendesha mashine anaweza kuumia.

Suala la vibali lisikuponyoke. Tanzania, mazao ya misitu husafirishwa kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Kenya, uliza ofisi ya Huduma ya Misitu (KFS) iliyo karibu. Fanya hivyo kabla ya kukata. Gari likishakamatwa njiani umechelewa.

Kupasua: hapa ndipo urembo unapopatikana

Mgrivea una mishipa mipana inayotoka katikati ya shina kuelekea gome. Mbao ikipasuliwa sambamba na mishipa hiyo, uso wake hujaa mabaka yanayong'aa kama hariri, yanayobadilika ukiisogeza mbao kwenye mwanga. Ikipasuliwa kinyume chake, mabaka hayo hubaki vistari vidogo tu na mbao inaonekana ya kawaida.

Utaitambua kwa kutazama kichwa cha mbao, yaani ncha yake iliyokatwa. Pete za ukuaji zikiwa zimesimama wima kutoka uso mmoja hadi mwingine, hiyo ni mbao ya robo, ndiyo tunayoitaka. Pete zikiwa zimelala kwa upinde, hiyo ni mbao ya bapa.

Tofauti haiko kwenye urembo peke yake. Mgrivea husinyaa kwa upana wa mbao ya bapa zaidi ya mara mbili ya unavyosinyaa kwenye mbao ya robo. Chukua ubao wa sentimita 20 uliokuwa na unyevu wa asilimia 15, uuingize katika ofisi yenye kiyoyozi hadi ushuke kufikia asilimia 10. Wa bapa utapungua kati ya milimita 2 na 3, na pengine ujikunje. Wa robo utapungua takriban milimita 1 na ubaki umenyooka. Kwenye mlango wa kabati, hiyo ndiyo tofauti kati ya mlango unaofunga vizuri na ule unaolalamikiwa kila msimu.

Njia ya kitabuni ni kulipasua gogo vipande vinne, kisha kila kipande kupasuliwa kwa zamu kutoka pande zake mbili. Mafundi wa chensoo na mashine za dingidongi (mashine ndogo za kupasulia mbao) hawapendi usumbufu huo, nami siwalaumu kwa magogo ya ukubwa huu. Njia rahisi ni kulipasua gogo moja kwa moja kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kuligeuza. Mbao tatu au nne za katikati zitakuwa za robo pande zote mbili za moyo. Zipasue kwa urefu uondoe ukanda wa moyo wenye upana wa sentimita 5 hivi, kwa sababu moyo hupasuka daima. Hizo ziwekee alama ya chaki na uzitenge kwa ajili ya paneli, nyuso za droo na juu ya meza. Mbao za bapa zilizobaki zitumie kwa sehemu nyembamba: fito, ndani ya kabati, migongo ya droo.

Unene: ukitaka mbao iliyomalizika ya milimita 20, agiza ipasuliwe milimita 28 hadi 30. Chensoo huacha uso wenye mawimbi, na mbao ikisinyaa utahitaji nafasi ya kuinyoosha.

Dawa, siku ileile

Krimu ya pembeni ina wanga mwingi, na wadudu wanaotoboa mbao wanaupenda. Utaona vitundu vidogo na unga laini sakafuni miezi kadhaa baada ya kazi kukabidhiwa, wakati ambao mteja ameshalipa na imani imekwisha. Kuna njia mbili: kukata pembeni yote na kutumia kiini peke yake, au kutia dawa ya boroni. Kwa kuwa pembeni ndiyo sehemu nyeupe zaidi, mimi nashauri dawa.

Changanya kilo 4 za asidi ya boriki na kilo 6 za boraksi katika lita 90 za maji ya moto, koroga hadi vyote viyeyuke. Zamisha mbao zingali mbichi, ikiwezekana siku ileile zilipopasuliwa, maana dawa hii hupenya kwa kufuata maji yaliyomo ndani ya mbao. Mbao ikishakauka haipenyi tena. Zipange zikiwa zimegusana, zifunike kwa nailoni zisipoteze unyevu, uziache wiki mbili hadi nne kwa mbao ya inchi moja. Ukungu kidogo ukitokea juu usikutie hofu, utaondoka kwa randa. Vaa glavu, na vyombo vya kazi hii visirudi jikoni. Dawa hii huoshwa na mvua, kwa hiyo funika rundo vizuri, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiacha mbao hii kazi za nje.

Kukausha

Paka vichwa vya mbao rangi nzito iliyobaki dukani au nta iliyoyeyushwa. Maji hutoka upesi mno kupitia vichwani, na hapo ndipo mipasuko huanzia.

Panga rundo chini ya paa, penye hewa inayopita lakini pasipo jua la moja kwa moja. Liinue sentimita 40 kutoka ardhini. Kati ya tabaka na tabaka weka fito kavu za unene mmoja, inchi moja kwa inchi moja, kila baada ya nusu mita. Fito za tabaka zote zikae kwenye mstari mmoja wima kutoka chini hadi juu. Fito ikikaa nje ya mstari, mbao hunyongwa pale na hukauka ikiwa na mpindo ambao randa haitauondoa bila kuimaliza mbao. Juu kabisa weka uzito: mawe, tofali, mbao nzito.

Muda hutofautiana sana kati ya Lushoto wakati wa ukungu na Dodoma wakati wa kiangazi, kwa hiyo usiamini miezi, pima. Kipima unyevu cha pini kinasaidia. Ukikosa, njia ya mizani ni sahihi kuliko hata kipima hicho. Kata kipande kidogo angalau sentimita 30 kutoka kichwani, kipime kwa mizani ya jikoni ya gramu, kisha kitie kwenye oveni ya nyuzi 103 hivi za Selsiasi. Kitoe na kukipima kila baada ya saa kadhaa hadi uzito usishuke tena. Tuseme kilikuwa gramu 84, kikaishia gramu 75. Kilichopotea ni gramu 9. Gawanya kwa 75, zidisha kwa 100, unapata asilimia 12.

Lengo linategemea nyumba iliko. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar, kwa chumba chenye madirisha wazi, asilimia 13 hadi 15. Arusha, Moshi na Nairobi, 11 hadi 13. Chumba chenye kiyoyozi kinachowaka kutwa, 9 hadi 10, hata kama kipo ufukweni. Mlango uliotengenezwa Moshi kwa ajili ya hoteli ya Zanzibar utavimba, na mlango wa Tanga ukipelekwa Dodoma utasinyaa. Muulize mteja swali la kiyoyozi kabla hujakata chochote.

Kisha peleka mbao kwenye nyumba yenyewe zikae wiki mbili zikiwa zimepangwa kwa fito. Usizipeleke plasta ikiwa mbichi. Nyumba mpya ina maji mengi kwenye kuta na sakafu, na mbao kavu huyanywa. Nimeona kazi nyingi nzuri zikiharibika kwa kuwa mwenye nyumba alitaka kabati kabla sakafu haijakauka.

Randa na msasa

Jikinge kwanza. Mgrivea una kemikali zinazowasha ngozi, kwenye majani na kwenye vumbi la mbao pia. Wengine hawapati chochote, wengine huvimba macho na mikono. Anayedhurika na utomvu wa embe ajihadhari zaidi, kwa kuwa kemikali zake ni za ukoo mmoja na hizi. Vaa barakoa na mikono mirefu, nawa kabla ya kula, na usipeperushe vumbi kwa hewa ya kompresa katika chumba kilichofungwa.

Mbao ya bapa hupigwa randa bila taabu. Ya robo inahitaji adabu. Yale mabaka yanayong'aa ni mishipa iliyolala juu ya uso, na ukipiga randa yenye kisu butu au kwa kukata nene, yanabanduka kama magamba na kuacha vishimo visivyozibika. Noa hadi kisu kikate unywele. Kwenye mashine, pitisho la mwisho lisizidi nusu milimita. Kwa randa ya mkono, jaribu upande mmoja wa mbao kisha upande mwingine, ufuate ule ambao nyuzi hazinyanyuki. Baka sugu limalizie kwa kipande cha chuma cha kukwangulia badala ya randa.

Msasa anza na namba 100, nenda 150, kisha 180. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha ikauke, nyuzi zitasimama. Zipitie kwa 220 kwa mkono mwepesi. Msasa mkali upande wa kukata nyuzi huacha mikwaruzo ambayo kwenye mbao nyepesi kama hii itaonekana yote baada ya vanishi.

Kuunga mlango wa paneli

Huu ndio mfano unaofundisha mengi, kwa sababu makosa yote ya mbao halisi hujitokeza hapa.

Fremu: nguzo mbili za upana wa milimita 110 na unene wa 40, na mbao za kulala tatu. Chagua zilizonyooka kuliko zote ulizonazo. Unga kwa ulimi na tundu, ulimi uwe theluthi moja ya unene, yaani milimita 13 hivi, na uingie ndani ya nguzo angalau milimita 60. Skrubu na misumari peke yake haitoshi. Toboa kabla ya skrubu yoyote iliyo karibu na kichwa cha mbao, maana mgrivea hupasuka hapo. Tumia skrubu zilizotiwa zinki au za shaba; chuma kitupu kikipata unyevu huacha doa jeusi ambalo halitoki.

Paneli ni mbao za robo, milimita 14 nene, zilizounganishwa ubavu kwa ubavu kwa gundi nyeupe ya mbao. Usitumie ubao mmoja mpana. Unga vipande vya sentimita 8 hadi 10 na upange mabaka yaendane. Chora mifereji ya kina cha milimita 12 ndani ya fremu, na paneli iingie milimita 9 tu kila upande, ili ibaki na milimita 3 za kupumulia.

Paneli haigundishwi kwenye fremu. Fundi anayemwaga gundi kwenye mfereji ili "iwe imara" ndiye anayepasua paneli kiangazi kikifika, kwa kuwa mbao inayosinyaa ikiwa imeshikwa pande zote haina namna nyingine. Weka tone moja tu katikati ya upana, juu na chini, ili paneli isisogee upande mmoja. Tena, ipake vanishi kabla ya kuiingiza. Ukiipaka baadaye, ikisinyaa utaona mstari mweupe usio na vanishi pembezoni mwa kila paneli.

Gundi ya fremu ikaushwe klempu zikiwa zimefungwa usiku mzima. Pima pembe kwa pembe, vipimo viwili vikilingana mlango umekaa mraba.

Vanishi

Vanishi ya mafuta huipa mgrivea rangi ya manjano, na manjano hiyo huongezeka mwaka hadi mwaka. Anayetaka wepesi wa rangi udumu atumie vanishi ya poliyurethani ya maji, tabaka tatu, akipitisha msasa wa 320 kati ya tabaka. Ni ghali kidogo kuliko sila na thina tulizozoea, lakini hakuna inayoshindana nayo kwa kulinda rangi. Kwenye kabati za jikoni zenye mvuke na mafuta, ongeza tabaka la nne kwenye milango iliyo karibu na jiko.

Mashimo ya nyuzi za mgrivea ni wazi kiasi. Ukitaka uso laini kama kioo, ziba kwa fila ya rangi ya krimu kabla ya vanishi. Mimi naona uso wenye nyuzi zake unaipendeza mbao hii zaidi, na kazi inapungua.

Mwisho, kabla ya kuupachika mlango, ulaze juu ya farasi za seremala (stendi za kulazia kazi) uzitazame kingo za juu na chini. Hizi ndizo huachwa kavu kwa kuwa hakuna anayeziona, na ndipo vichwa vya nguzo vilipo, vinavyonywa unyevu kuliko uso mzima. Zipake tabaka tatu kama kwingine. Acha nafasi ya milimita 3 kati ya mlango na fremu pande zote, na ukiupachika kiangazi sehemu za pwani, ongeza milimita 1 upande wa kitasa. Mvua za masika zikianza rudi uuangalie: mlango ukigusa fremu, ondoa kidogo kwa randa upande wa bawaba, kisha paka vanishi palepale ulipokata kabla hujaondoka.